Umbali wa Ndege Usiolingana: Kutafuta Chanzo cha Kosa kwa Kuisoma Namba Yenyewe

Kukokotoa umbali wa anga kati ya viwanja viwili vya ndege ni kazi inayoonekana nyepesi, na kwa sababu hiyo makosa yake hupita bila kugunduliwa. Lahajedwali halikatai kufanya kazi unapokosea. Hutoa namba, namba hiyo huingia kwenye ripoti ya hewa ukaa ya mradi, kwenye makisio ya gharama za mzigo au kwenye kazi ya mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, na hakuna anayeitilia shaka mpaka namba nyingine itokee kando yake. Hata hivyo, karibu kila kosa la aina hii huacha alama katika jawabu. Aliyesahau alama ya hasi hupata namba tofauti na aliyechanganya maili na kilometa, na aliyegeuza latitudo na longitudo hupata namba tofauti na hao wote. Mwongozo huu unaanzia kwenye namba isiyolingana na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo chake, kwa mifano ya safari zinazoanzia Dar es Salaam.

Namba za kujipimia

Kabla ya kutafuta kosa, ni lazima uwe na majawabu machache unayoyaamini. Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere upo latitudo nyuzi 6, dakika 52 na sekunde 41 kusini, na longitudo nyuzi 39, dakika 12 na sekunde 10 mashariki. Uwanja wa Kilimanjaro upo latitudo nyuzi 3, dakika 25 na sekunde 46 kusini, na longitudo nyuzi 37, dakika 4 na sekunde 28 mashariki. Kwa desimali, Dar es Salaam ni -6.87806 na 39.20278, na Kilimanjaro ni -3.42944 na 37.07444, alama ya hasi inaonyesha kusini mwa Ikweta. Ukiweka latitudo katika safu B na longitudo katika safu C, Dar es Salaam ikiwa mstari wa 2 na Kilimanjaro mstari wa 3, kanuni ya haversini huandikwa hivi:

=2*6371*ASIN(SQRT(SIN(RADIANS(B3-B2)/2)^2+COS(RADIANS(B2))*COS(RADIANS(B3))*SIN(RADIANS(C3-C2)/2)^2))

Kanuni hii huichukulia dunia kuwa tufe lenye nusukipenyo cha kilometa 6,371, na hutoa urefu wa duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote juu ya uso wa tufe kutoka nukta moja hadi nyingine. Jawabu la Dar es Salaam hadi Kilimanjaro ni kilometa 450. Kwa kanuni hiyohiyo, Dar es Salaam hadi Zanzibar ni kilometa 73, na Dar es Salaam hadi Dubai, uwanja wenye latitudo 25.2528 na longitudo 55.3644, ni kilometa 3,978. Nimezichagua safari hizi tatu kwa sababu maalumu: ya kwanza ni ya wastani, ya pili ni fupi sana, na ya tatu inavuka Ikweta. Hiyo ya tatu ndiyo yenye thamani kubwa zaidi, kama itakavyoonekana hivi punde, na ningemwomba kila anayetengeneza jedwali la umbali hapa nchini asilipitishe kabla ya kulijaribu kwa safari moja inayovuka Ikweta.

Dalili: safari za ndani ni sahihi, lakini za kaskazini ni fupi mno

Jedwali linatoa kilometa 450 kwa Kilimanjaro na 73 kwa Zanzibar, kisha kwa Dubai linatoa kilometa 2,669 badala ya 3,978. Chanzo ni alama ya hasi iliyosahaulika kwenye latitudo za viwanja vyote vya Tanzania.

Kosa hili hujificha kwa sababu nchi yote ipo kusini mwa Ikweta. Ukiiondoa alama ya hasi kwa viwanja vyote viwili vya safari, umeihamishia Tanzania nzima upande wa kaskazini, na umbali kati ya sehemu zake haubadiliki hata kidogo. Mtu anaweza kukokotoa safari zote za ndani, kutoka Mtwara hadi Bukoba, na kila jawabu likawa sahihi. Siku atakapoongeza Dubai, Istanbul au Guangzhou, ndipo kosa hujitokeza, na kwa kuwa majawabu ya ndani yalikuwa mazuri, huanza kuulaumu uwanja wa ugenini badala ya kuangalia wa nyumbani.

Ikiwa alama imesahaulika kwa uwanja mmoja tu, dalili huonekana mapema zaidi: Dar es Salaam hadi Kilimanjaro hupanda kutoka kilometa 450 hadi 1,170, kwa sababu kompyuta inaamini kwamba safari inavuka Ikweta. Mara nyingi hili hutokea pale data inapokuwa imekusanywa kutoka sehemu mbili, moja ikiandika kusini kwa alama ya hasi na nyingine ikiandika kwa herufi mwishoni, kisha herufi hiyo ikafutwa wakati wa kusafisha data. Kila herufi ya kusini au magharibi inayofutwa lazima iache alama ya hasi mahali pake.

Dalili: jawabu linaelekea kuwa sahihi, lakini limepungua

Hili ndilo kosa ninaloliona kuwa la hatari kuliko yote katika orodha hii, kwa sababu halitoi namba ya ajabu. Dar es Salaam hadi Kilimanjaro inasomeka kilometa 383. Mtu asiyeikumbuka 450 ataipitisha bila kusita.

Chanzo ni kugeuza mpangilio, longitudo ikasomwa kama latitudo na latitudo kama longitudo. Programu za ramani hazikubaliani katika jambo hili: nyingi huonyesha latitudo kwanza, lakini mafaili ya ramani ya mfumo wa GeoJSON huweka longitudo kwanza. Ukinakili kutoka faili la namna hiyo bila kuangalia, Dar es Salaam huwa latitudo 39.2 kaskazini na longitudo 6.88 magharibi, sehemu iliyopo nchini Hispania karibu na mpaka wa Ureno, na uwanja wa Kilimanjaro huangukia milima ya Sierra Nevada kusini mwa Hispania hiyohiyo. Umbali kati ya sehemu hizo mbili ni kilometa 383, na kanuni imeukokotoa vizuri kabisa.

Njia ya uhakika ya kulibaini ni kuziweka nukta zako juu ya ramani na kutazama zinapoangukia. Njia ya haraka zaidi ni kukumbuka mipaka: Tanzania Bara na visiwa vyake vipo kati ya takribani latitudo 1 na 12 kusini na longitudo 29 na 41 mashariki. Namba yoyote ya uwanja wa Tanzania iliyopo katika safu ya latitudo na inazidi 12 imekaa mahali pasipo pake. Kanuni ndogo ya masharti kwenye lahajedwali inaweza kuipaka rangi nyekundu kila namba ya aina hiyo, na kazi hiyo hufanyika mara moja tu.

Kupungua kunaweza pia kutokana na dakika zilizosomwa kama desimali. Mtu anaona nyuzi 6, dakika 52, sekunde 41, naye anaandika 6.5241. Nyuzi moja ina dakika 60, na dakika moja ina sekunde 60, kwa hiyo usahihi ni 6 kujumlisha 52 gawanya kwa 60 kujumlisha 41 gawanya kwa 3,600, nayo ni 6.87806. Kwa Kilimanjaro kosa hili hutoa kilometa 430 badala ya 450, tofauti ambayo wengi wangeisamehe. Kwa Zanzibar hutoa kilometa 44 badala ya 73, tofauti isiyosameheka. Ndiyo maana safari fupi inahitajika katika namba za kujipimia. Dalili nyingine ya kosa hili inaonekana hata kabla ya kukokotoa: katika orodha ndefu ya viwanja, hakuna namba hata moja ambayo desimali yake ya kwanza ni 6, 7, 8 au 9, kwa kuwa dakika hazifiki 60.

Dalili: namba ni kubwa kupita kiasi

Ukipata zaidi ya kilometa 8,300 kwa safari ya Dar es Salaam hadi Kilimanjaro, nyuzi hazijageuzwa kuwa radiani, kipimo kingine cha pembe. Kazi za sini na kosini ndani ya lahajedwali, na katika lugha nyingi za programu, hupokea radiani, na ukizipa nyuzi hazilalamiki. Kosa hili halina uwiano maalumu na umbali wa kweli. Namba hurukaruka, safari fupi ikawa ndefu kuliko ya mbali, na huko kurukaruka ndiko kunakolitambulisha.

Ukipata 19,565, soma namba hiyo kwa makini. Nusu ya mzingo wa tufe letu ni kilometa 20,015, na 20,015 kutoa 450 ni 19,565. Maana yake ni kwamba kompyuta imekupa umbali wa kutoka Kilimanjaro hadi upande wa pili wa dunia uliopo kinyume na Dar es Salaam. Hili huwapata wanaonakili kanuni ya haversini iliyoandikwa kwa ATAN2, yaani kazi inayotafuta pembe kutokana na namba mbili, ya wima na ya mlalo, kutoka kwenye programu na kuibandika kwenye Excel. Lugha nyingi za programu hutaka wima kwanza kisha mlalo, ilhali Excel, LibreOffice na majedwali ya Google hutaka mlalo kwanza kisha wima. Badilisha mpangilio wa namba mbili zilizo ndani ya ATAN2, au tumia ASIN kama nilivyoandika hapo juu. Ishara ya kosa hili haikosei: jumlisha jawabu lako na umbali wa kweli, na ukipata 20,015 umekwisha kukijua chanzo.

Ukipata kilometa 4,415, na hasa ukiipata kwenye mistari kadhaa ya viwanja tofauti, lahajedwali limekosa data za viwanja hivyo na limeweka sifuri katika latitudo na longitudo. Sifuri na sifuri ni nukta iliyopo baharini, katika Ghuba ya Guinea, na kutoka Dar es Salaam hadi hapo ni kilometa 4,415. Sababu mara nyingi ni msimbo wa uwanja uliochapwa na nafasi tupu mwishoni, au msimbo usiokuwapo kabisa kwenye orodha.

Na ukipata zaidi ya kilometa 11,000 kwa Kilimanjaro, umeandika KIA. Wasafiri wote wa Dar es Salaam, Moshi na Arusha huuita uwanja ule KIA, lakini msimbo wake wa herufi tatu ni JRO, na KIA ni ya uwanja wa Kaiapit nchini Papua New Guinea. Vivyo hivyo JNIA ni kifupi cha jina na siyo msimbo: wa herufi tatu ni DAR, na wa herufi nne unaotumiwa na waongoza ndege ni HTDA. Usichanganye misimbo ya herufi tatu na ya herufi nne katika safu moja.

Dalili: mstari wa kwanza ni sahihi na inayofuata siyo

Kanuni imevutwa kwenda chini bila kufunga kisanduku cha Dar es Salaam. Kila mstari sasa unapima umbali kutoka uwanja uliopo juu yake, yaani Kilimanjaro hadi Mwanza badala ya Dar es Salaam hadi Mwanza. Andika $B$2 na $C$2 mahali pa B2 na C2, kisha ivute tena.

Ikiwa badala ya namba unaona onyo la thamani isiyofaa, kisanduku kina maandishi. Angalia mkato uliotumika badala ya nukta ya desimali, jambo la kawaida kwa mafaili kutoka Ufaransa au Ujerumani, na uangalie pia kistari kirefu kilichonakiliwa kutoka kwenye nyaraka mahali pa alama ya kutoa. Kwa macho vinafanana. Kwa kompyuta siyo kitu kimoja.

Dalili: jawabu lina uwiano usiobadilika na umbali wa kweli

Gawanya umbali unaouamini kwa jawabu lako, katika safari mbili au tatu. Kama kila mara unapata namba ileile, tatizo ni kipimo. Ukipata 1.852, jawabu lako lipo katika maili za baharini, ambazo ndizo kipimo cha kawaida cha marubani na waongoza ndege. Dar es Salaam hadi Kilimanjaro ni maili 243 za baharini. Ukipata 1.609, jawabu lipo katika maili za nchi kavu, na safari hiyo ni maili 280. Mashirika mengi ya ndege yanayotoa zawadi kwa wasafiri wa mara kwa mara yamezoea maili hizi. Mkanganyiko kati ya maili hizo mbili hutoa uwiano wa 1.151, na ndio unaopita kimyakimya kuliko mingine kwa kuwa pande zote mbili zimeandika "maili" na hakuna aliyesema ni ya aina gani. Kipimo kikiwa kimegeuzwa mara mbili, jawabu huwa kubwa: 450 zidisha kwa 1.852 ni 833, na anayeiona namba hiyo ajue kwamba alizidisha kilometa akidhani bado ni maili.

Dalili: tofauti ndogo, chini ya nusu asilimia

Umekokotoa Dar es Salaam hadi Nairobi na kupata kilometa 668, lakini chombo kingine unachokiamini kinasema 665. Hapa hakuna aliyekosea, na ni vyema kuielewa sababu kwa sababu inatuhusu sana sisi tulio karibu na Ikweta.

Dunia si tufe kamili. Imebonyea kidogo kwenye ncha na kutanuka kwenye Ikweta: katika mfumo wa WGS84, unaotumiwa na GPS, nusukipenyo cha Ikweta ni kilometa 6,378.137 na cha ncha ni kilometa 6,356.752. Kwa sababu ya umbo hilo, nyuzi moja ya latitudo karibu na Ikweta ina urefu wa takribani kilometa 110.6, ilhali tufe la kilometa 6,371 huipa kilometa 111.2. Nyuzi moja ya longitudo kwenye Ikweta, kwa upande wake, ina kilometa 111.3. Kwa hiyo tufe huzirefusha safari zetu za kusini–kaskazini kwa takribani nusu asilimia na kuzifupisha kidogo sana zile za mashariki–magharibi. Nairobi ipo karibu kaskazini mwa Dar es Salaam, na ndiyo maana tofauti yake inafika kilometa 3. Mwanza ipo kaskazini-magharibi, athari hizo mbili karibu zinafutana, na tofauti haizidi kilometa 1: 852 kwa tufe na 851 kwa umbo halisi. Kwa Kilimanjaro, 450 hushuka hadi 448 na nusu.

Anayehitaji usahihi huo atumie kanuni ya Vincenty, iliyochapishwa mwaka 1975, au kanuni mpya zaidi ya Karney ya mwaka 2013. Zote zimo katika maktaba za programu zinazopatikana bure. Ya Vincenty ina udhaifu mmoja unaojulikana: hushindwa kufikia jawabu pale nukta mbili zinapokaribia kuwa kinyume kabisa upande wa pili wa dunia. Kinyume cha Dar es Salaam ni Bahari ya Pasifiki isiyo na uwanja karibu, hivyo udhaifu huo hautusumbui.

Usahihi nao una mpaka wake. Latitudo na longitudo za uwanja ni za nukta moja rejea, ilhali njia kuu ya kurukia ya Julius Nyerere peke yake ina urefu wa takribani kilometa 3. Kuandika kilometa 448.527 ni kudai ujuzi ambao data haiutoi. Kilometa nzima inatosha, na kwa safari ndefu hata makumi yanatosha.

Dalili: safari fupi zinalingana, ndefu zinapishana

Hapa mara nyingi kanuni iliyotumika ni ya Pitagorasi: tofauti ya latitudo na ya longitudo kuchukuliwa kama pande za pembetatu bapa, kisha kuzidisha kwa kilometa 111.2. Kwa Kilimanjaro au Mwanza kosa ni dogo, kwa sababu karibu na Ikweta nyuzi za latitudo na za longitudo zina urefu unaokaribiana. Kwa Guangzhou, safari inayojulikana vizuri na wafanyabiashara wa Kariakoo, njia bapa hutoa kilometa 8,900, na duara kuu ni karibu kilometa 8,710. Kilometa 190 zimezuka kutokana na karatasi bapa. Kanuni hiyo huvunjika kabisa kwa safari zinazovuka longitudo 180 katika Pasifiki, ambapo humzungusha msafiri dunia nzima.

Dalili: kanuni ni sahihi, viwanja siyo

Anayesema anaenda Arusha kwa ndege anaweza kuwa anaelekea kwenye uwanja wa Arusha, msimbo ARK, uliopo karibu na mji, au kwenye uwanja wa Kilimanjaro uliopo kati ya Arusha na Moshi. Kutoka Dar es Salaam ni kilometa 483 kwa ule wa kwanza na 450 kwa wa pili. Nairobi ina Jomo Kenyatta na Wilson, Dubai ina DXB na Al Maktoum, na London ina kadhaa. Vyombo vya mtandaoni ukivipa jina la mji navyo huchukua katikati ya mji. Kutoka Posta hadi uwanja wetu ni takribani kilometa 12, na hizo huingia kwenye jawabu. Kama namba inazidi 600 kwa Arusha, basi umepewa barabara ya Segera, Same na Moshi, na hakuna cha kusahihisha isipokuwa swali.

Kisha kuna viwanja vilivyohama bila kubadilisha msimbo. Mwezi Aprili 2019 safari za abiria za Istanbul zilihamia uwanja mpya, na msimbo IST ukahama nazo kutoka uwanja wa Atatürk. Jedwali lenye data za kabla ya hapo litaendelea kukubali IST na kutoa jawabu pungufu kwa takribani kilometa 30. Hakuna kanuni inayoweza kuligundua kosa hilo. Ni tarehe ya data pekee inayoweza kulionyesha, na ndiyo maana safu ya tarehe inastahili kuwapo katika kila orodha ya viwanja.

Dalili: ndege imeruka zaidi ya ulivyokokotoa

Mtu anafuatilia ndege kwenye simu, anajumlisha njia iliyopita, anapata kilometa nyingi kuliko jawabu lake, na anarudi kuitafuta hitilafu isiyokuwapo. Duara kuu ni umbali wa kijiometria. Ndege huruka kuelekea upande unaoruhusiwa na upepo, na hapa pwani upepo wa kusi na wa kaskazi huamua mengi. Kisha hugeuka, hufuata njia za anga zilizopangwa, hukwepa mawingu mazito, husubiri zamu ya kutua na huzunguka ili ijipange na njia ya kutulia. Katika safari fupi nyongeza hiyo ni sehemu kubwa ya safari.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika kikokotoo chake cha hewa ukaa, huongeza kilometa 50 kwenye duara kuu lililo chini ya kilometa 550, kilometa 100 kwa umbali wa kati ya 550 na 5,500, na kilometa 125 kwa unaozidi hapo. Kwa njia hiyo, Dar es Salaam hadi Kilimanjaro huhesabiwa kilometa 500. Anayeandika ripoti ya hewa ukaa na kuona jawabu la mwenzake limezidi la kwake kwa 50, 100 au 125 kamili aanze kuuliza kama mwenzake ameongeza marekebisho hayo.

Kuna pia wanaokwenda kinyumenyume, wakizidisha muda ulioandikwa kwenye tiketi kwa kasi ya kilometa 850 kwa saa. Safari ya Zanzibar ya dakika 20 ingekuwa kilometa 283 kwa hesabu hiyo, dhidi ya 73 za kweli. Muda wa tiketi unajumuisha kutembea ardhini, kupanda na kushuka, na ndege za panga boi hazifikii kasi hiyo hata zikiwa angani. Kwa safari za nje kuna saa za kanda: Dubai ipo mbele yetu kwa saa moja, hivyo anayetoa muda wa kuondoka kutoka muda wa kufika huongeza saa moja akienda na kupoteza saa moja akirudi. Tofauti ya saa mbili kamili kati ya kwenda na kurudi ni alama ya kosa hilo, ingawa upepo wa juu unaweza kuongeza au kupunguza dakika kadhaa.

Dalili: umbali wa tiketi moja una majawabu mawili

Safari ya Mwanza inayopitia Kilimanjaro ina vipande viwili, kilometa 450 na 473, jumla 923, wakati moja kwa moja ni 852. Lipi ni jawabu hutegemea anayeuliza. Mafuta na hewa ukaa hufuata vipande vilivyorukwa kweli, kwa hiyo jumlisha. Fidia ya abiria chini ya Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya, inayowahusu wanaoondoka Ulaya kuja Dar es Salaam na wanaokwenda huko kwa mashirika ya Ulaya, hupimwa kwa duara kuu, na viwango vyake hutenganishwa kwenye kilometa 1,500 na 3,500. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua kwamba kwa safari yenye kuunganisha ndege, umbali ni ule wa moja kwa moja kutoka uwanja wa kwanza hadi wa mwisho, bila kujumlisha vipande. Anayeandaa dai la namna hiyo aweke katika kanuni viwanja viwili tu, wa kuanzia na wa kumalizia, na aviache vya katikati nje ya hesabu.